Sanduku la Shangazi

Mimi ni fundi wa lifti. Nimesafiri sana, lakini juu na chini tu. Kwa miaka ishirini na saba nimepanda na kushuka majengo ya mji huu, na kila usiku nimelala kitanda kile kile, upande ule ule, wa ukutani. Kazi hii sikuichagua kwa kuipenda. Kuipenda kulikuja baadaye. Niliichagua kwa sababu lifti haiwezi kutoka nje ya jengo lake.

Sababu yenyewe ni baba yangu.

Baba alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Mkono wake ulikuwa mzuri. Hata leo kuna mlango wa kinyozi mmoja wenye herufi zake. Aliondoka nyumbani mara nne. Mara ya kwanza alikaa miezi mitatu, akarudi na kasuku asiyesema neno. Mara ya pili alirudi na koleo sita za kung'olea meno, na hakuwahi kumng'oa mtu hata jino moja. Mara ya tatu alileta kinanda cha mkono kilichotoboka, kikawa kinahema badala ya kulia. Kila aliporudi alikuwa mchangamfu, mwenye hadithi tele, na hazikupita wiki mbili kabla macho yake hayajaanza tena kutazama mlango. Mara ya nne aliondoka na ufunguo wa nyumba mfukoni, na hatukumwona tena.

Mama hakubadilisha kitasa. Miaka kumi na moja. Kikaota kutu, ufunguo tuliobaki nao ukawa unakwama, na mimi, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye niliyekuwa nakitia mafuta kwa unyoya wa kuku. Ufundi wangu ulianzia hapo. Shule niliiacha mwaka huo huo, darasa la sita. Kaka yangu mkubwa naye alipofika miaka kumi na tisa akaenda zake. Yeye angalau hupiga simu, kila mara kwa namba mpya.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyelipa jambo hili jina. Aliiita damu ya mlangoni. Kwa maelezo yake, damu hiyo humshika huyu ikamwacha yule, na mtu anaweza kujua mapema kama mtoto anayo. Alikuwa na kipimo, alichoachiwa na mama yake. Mtoto akifika miezi tisa anawekwa sakafuni. Upande mmoja kuna kijiko cha mbao alichokizoea. Upande wa pili kuna sanduku dogo la bati, limefungwa, hajawahi kuliona. Akitambaa kwenda kwenye kijiko, huyo ni wa kukaa. Akienda kwenye sanduku, basi tena. Baba alikwenda kwenye sanduku. Kaka alikwenda kwenye sanduku. Mimi nilikwenda kwenye kijiko, na shangazi hupenda kuwaambia wageni kwamba nilikitia mdomoni nikalala nacho.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikwenda kwenye sanduku. Nilikuwepo, mimi mwenyewe ndiye niliyelishikilia lisiteleze. Hakusita hata kidogo. Alikuja anacheka, mate yanamtoka, akalipiga kofi sanduku kama mtu anayebisha hodi.

"Ndiye huyu!" shangazi akashangilia. "Kaka yangu amerudi!"

Mke wangu akamwinua mtoto, akasema chai inapoa. Yeye hakuuamini upuuzi ule hata siku moja, na alisema hivyo wazi. Mimi niliuamini, na sikusema.

Tangu hapo nikawa nakusanya ushahidi. Mtoto alifungua redio kuona anayezungumza amekaa wapi, nikasema moyoni, haya. Alihama kwaya akaenda riadha, akahama riadha akaenda kucheza drafti na wazee, nikasema, haya. Alipomaliza shule alisuka nywele miezi minne, akaoka keki miezi mitano, akauza miwani. Kila alipobadilisha, mimi usiku nilisikia kile kinanda kilichotoboka kikihema.

Halafu siku moja akaniambia, "Baba, nifundishe lifti."

Nilitaka kuruka. Nikajibu, "Njoo kesho, vaa viatu vya maana."

Amekaa nami miaka mitatu. Ana sikio kunizidi: anasimama ukumbini chini, anasikiliza lifti ikipita, anakuambia ni gurudumu gani la mlango limelika. Kazini nilimkataza kuniita baba. Kazini mimi ni fundi. Nilimfundisha sheria mbili, zile zile alizonifundisha mzee aliyenifunza kazi.

Ya kwanza: maneno hurudiwa. Mmoja yuko chumba cha mashine juu ya paa, mwenzake yuko shimoni, kwenye njia ya lifti, juu ya kibanda chake, hawaonani. Aliye shimoni akisema "shusha," wa juu anajibu "nashusha," ndipo anagusa. Asiporudia, hakuna kinachosogea.

Ya pili: kufuli. Kila anayefanya kazi anafunga kufuli lake kwenye swichi kuu ya umeme, na ufunguo anakaa nao yeye mwenyewe. Lifti haipati umeme mpaka kila mtu aondoe la kwake kwa mkono wake. Hakuna ufunguo wa akiba, na hakuna kumkatia mwenzako. Mzee wangu alikuwa na vidole viwili mkono wa kushoto, kwa sababu mtu fulani aliona kufuli, akadhani mwenyewe ameshaenda nyumbani, akaleta mkasi wa chuma. Binti yangu aliliwekea kufuli lake alama kwa rangi ya kucha, nyekundu. Langu lina utepe wa buluu.

Sasa njoo kwenye Jumatano ile.

Tulikuwa kwenye jengo la ghorofa tisa, tunabadilisha kamba za chuma. Kamba tulishafunga, ila kishikio kimoja cha kamba kilikuja na meno ya skrubu yaliyolika, ikabidi tungoje kingine asubuhi. Tulikuwa chumba cha mashine tunafuta grisi mikononi. Makufuli yetu mawili yalikuwa yananing'inia kwenye swichi.

"Fundi," akasema, "nimepata kazi kwingine."

"Kwa nani? Kwa yule mwizi wa vipuri?"

"Si lifti. Mitambo ya umeme wa upepo, kule milimani, ng'ambo ya mpaka. Minara ya mita tisini, fundi! Unapanda kwa ndani, ukifika juu unafungua dirisha unatoka nje kabisa. Mkataba wa miaka miwili. Jumatatu naanza mafunzo. Basi ni kesho asubuhi."

"Kesho?"

"Nimejaribu kukuambia mara tatu. Kila nikianza unaniuliza bisibisi iko wapi."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeona bahasha ya kampuni wiki nzima juu ya meza, na nilikuwa nimetafuta bisibisi wiki nzima.

"Umeichoka kazi hii," nikasema.

"Sijaichoka. Nataka kuona nyingine."

"Hayo ndiyo maneno ya babu yako."

"Babu simjui. Na wewe mwenyewe humjui, ulikuwa na miaka kumi na miwili."

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Akasimama wima, akanyoosha ovaroli, akatumia sauti ya kazi, ile ya kupenya shimoni. "Naenda, fundi."

Alikuwa anangoja nirudie. Alijua kwamba mimi najua.

Nikamwambia, "Nenda. Wewe hukuwa wangu hata siku moja. Tangu miezi tisa wewe ni wa yule mtu."

Aliniangalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Akachukua mkoba wake, akashuka kwa ngazi. Nikamsikia ghorofa zote tisa, hatua kwa hatua.

Alfajiri nilikuwa macho nimelala kwa ubavu, uso ukutani. Mlango wa chumba ulifunguka kidogo, ukakaa hivyo, ukafungwa. Halafu mlango wa nje. Nilipoinuka mke wangu alikuwa jikoni, mgongo kwangu.

"Ameondoka saa kumi na moja," akasema. "Alisimama pale mlangoni. Ulikuwa unakoroma."

"Sikuwa nimelala."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia ulikuwa unakoroma."

Sikunywa chai. Nilikwenda kazini.

Kishikio kipya kilikuwa kimefika. Kukifunga ni kazi ya watu wawili, nikamwomba msimamizi wa jengo anishikie taa. Yeye ni mtu wa tai, mfupi, anapiga mluzi akiwa na wasiwasi, na alipiga mluzi saa mbili nzima. Saa nne na nusu nikamaliza. Nikaenda kwenye swichi, nikafungua kufuli la utepe wa buluu.

La rangi ya kucha lilikuwa bado pale.

Nilisimama nikalitazama kama mjinga. Katika ugomvi wetu hakuna aliyekumbuka. Alikuwa ameshuka ghorofa tisa na ufunguo kwenye mfuko wa ovaroli. Nikapiga simu yake: haipatikani. Nikapiga tena. Nikamuona baba, mgongo wake, mkono mfukoni.

"Haya, washa," msimamizi akasema.

"Siwezi. Kuna kufuli la mwenzangu."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Kwenye basi. Anaenda ng'ambo ya mpaka."

Akapiga mluzi mrefu. "Basi kata. Mkasi ninao stoo."

"Sikati."

"Fundi, shimoni hakuna mtu. Mwenyewe umetoka kuangalia. Hilo ni kufuli, si kiapo."

"Kwangu ni vyote viwili."

"Na Profesa je? Ana miadi ya macho saa nane. Lile goti lake halishuki hata ngazi moja. Nenda wewe ukamwambie. Mimi nimemwambia uongo wa kutosha wiki hii."

Nikashuka kumwambia. Profesa alikuwa amekaa kwenye kiti alichotoa ndani kwake, mbele ya mlango wa lifti wa ghorofa ya tisa, amevaa vizuri, mkoba mapajani, kama abiria aliyewahi kituoni. Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye miwani minene. Nilijua amestaafu chuo kikuu. Alichokuwa anafundisha sikujua.

"Imepona?" akauliza.

"Imepona, mama. Ila haiwezi kuwaka."

Nikamweleza kufuli. Nilidhani atapandisha hasira. Badala yake akauliza, "Na kwa nini hutaki kukata? Ukweli, fundi. Sababu ya vidole nimeisikia, ni nzuri. Lakini uso wako si wa vidole."

Sijui ilikuwaje. Labda ni kwa sababu sikuwa nimelala. Nilikaa juu ya sanduku langu la vyombo nikamwambia yote: kasuku, koleo, kitasa cha mama, damu ya mlangoni, minara ya mita tisini, na neno nililolisema. "Nikilikata," nikamalizia, "nitakuwa nimekubali kwamba ameenda na ufunguo. Kama yule."

Profesa alivua miwani akaifuta. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Samahani, fundi. Sikucheki wewe. Unajua kazi yangu ilikuwa nini? Miaka kumi na moja nilikuwa natafuta hiyo damu yako ya mlangoni."

"Mama, usinifanyie mzaha."

"Haki ya Mungu. Sisi tuliiita kupenda mapya. Tulichukua mate ya watu elfu moja na mia mbili, tukawapa maswali. Unachoka haraka na kazi ile ile? Unaweza kuondoka bila mpango? Halafu tunatazama jeni zao, vile vitu vinavyotoka kwa baba na mama, tuone kama wapenda mapya wana kitu ambacho wenzao hawana. Kabla yetu kuna watafiti walitangaza wameipata jeni yenyewe, moja, magazeti yakaandika. Tukapima sisi, hatukuiona. Wengine wakapima, wakaona kidogo. Wengine hawakuona kitu."

"Kwa hiyo damu haina kazi."

"Sikusema hivyo, usinilishe maneno. Damu ina kazi. Chukua mapacha wanaofanana kabisa, na mapacha ambao ni ndugu wa kawaida tu waliozaliwa siku moja. Wale wa kwanza hufanana tabia zaidi, hata katika hili la kupenda mapya. Kwa hiyo kitu kinarithiwa. Lakini si jeni moja kama swichi. Ni nyingi mno, na kila moja inasukuma kwa nguvu ya unyoya. Halafu kuna nyumba, kuna shule, kuna rafiki, kuna bahati. Ukinipa damu ya mtoto mchanga siwezi kukuambia ataondoka au atakaa. Hakuna anayeweza."

"Shangazi anaweza."

"Ehe, huyo shangazi. Amepima watu wangapi?"

Nikahesabu. "Baba alipimwa na bibi. Kaka, mimi, binti yangu. Wanne."

"Wanne!" Akapiga goti lake zima. "Mimi elfu na mia mbili nikashindwa, yeye wanne ameshamaliza. Sasa niambie, binti yako alipopimwa, kijiko kilikuwa upande gani?"

"Kushoto."

"Nani alikaa upande wa kijiko?"

"Hakuna. Shangazi alikuwa katikati, nyuma ya mtoto. Mama yake alikuwa jikoni."

"Na upande wa sanduku?"

Nikatazama mikono yangu.

"Fundi? Nyuma ya sanduku alikaa nani?"

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa nimelishikilia lisiteleze."

Profesa hakucheka safari hii. Alivaa miwani yake. "Mtoto wa miezi tisa. Kushoto kuna kijiko. Kulia kuna baba yake amepiga magoti, amenyoosha mikono. Na ninyi mkaandika kwamba amelifuata sanduku." Alitikisa kichwa. "Mwanafunzi wangu angeniletea jaribio kama hilo ningemrudisha mwaka wa kwanza."

Nilikuwa naona ile sakafu. Naona mate yale, kicheko kile, kiganja kinapiga bati. Miaka ishirini na mbili nilikuwa na picha hiyo kichwani, na katika picha hiyo mimi sikuwemo. Nilikuwa nimejitoa mwenyewe.

"Anaweza kuwa anapenda mapya kweli," Profesa akasema, taratibu. "Keki, miwani, minara. Sitakudanganya. Huenda hata kuna unyoya mmoja wa babu yake humo. Lakini kupenda mapya ni kitu kimoja, na kuwakimbia watu ni kingine. Hicho cha pili mimi sikuwahi kukipima, na sijui kama kipo kwenye mate."

Tukakaa. Msimamizi alipita akipiga mluzi, akaona nyuso zetu, akarudi alikotoka. Saa sita ikapita. Profesa akaingia ndani, akatoka na chungwa, akanigawia nusu. Nilifikiria kubeba kiti chake na yeye ndani yake ghorofa tisa, mimi mbele na msimamizi nyuma, na nilipomwambia alisema heri upofu.

Saa saba kasorobo nikasikia hatua chini kabisa.

Mtu mwingine yeyote angeniambia ni mpangaji. Lakini mimi najua mtu anayeruka ngazi mbili mbili kisha moja, mbili mbili kisha moja. Nilimkemea kwa hilo miaka mitatu. Nikasimama. Chungwa likanidondoka. Hatua zikaja, ghorofa ya nne, ya tano, zikapungua mwendo kwenye ya saba, zikapumzika, zikaja tena.

Alitokea kwenye kona ya ngazi, uso unang'aa jasho, ovaroli imefungwa kiunoni kwa mikono yake juu ya gauni la safari. Hakuwa na kitu kingine chochote. Akanyoosha kiganja. Ufunguo mdogo, wenye tone la rangi ya kucha.

"Nilikuwa natafuta leso," akasema akihema. "Tumeshakwenda mwendo wa saa tatu nzima. Nikatia mkono mfuko wa ovaroli, nikapiga kelele basi zima likageuka. Nikamwambia dereva nishushe. Akasema si kituo. Nikamwambia, lifti ya watu imefungwa na mimi ndiye niliyeifunga. Akadhani mimi ni kichaa, akanishusha haraka."

"Begi lako?"

"Begi limesafiri." Akacheka, pumzi ikamkatika. "Kondakta kasema ataliacha ofisi yao ya mwisho wa safari. Mwenyewe ndio nimerudi."

"Ungepiga simu."

"Chaji iliisha jana usiku. Na ningepiga nikwambie nini, kata? Ungekata?"

"Nisingekata."

"Si ndiyo hivyo."

Nilitazama ule ufunguo. Najua hotuba ambazo mtu anatakiwa kutoa wakati kama ule. Sina hata moja. Nikasema, "Jana nilisema maneno ya kijinga."

"Ndiyo."

"Ya kijinga sana."

"Ndiyo, fundi."

"Alikuwa nyuma ya sanduku!" Profesa akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake, hakuweza kujizuia. "Mwambie, fundi! Mwambie ulikaa wapi!"

Binti yangu akamtazama Profesa, akanitazama mimi. "Sanduku la shangazi? Kwamba nilikuwa namfuata baba? Mbona mama aliniambia zamani. Nikiwa darasa la tatu."

"Mama yako anajua?"

"Anasema alichungulia kutoka jikoni akaona kila kitu. Alidhani na wewe unajua. Alidhani unapenda tu kumfurahisha shangazi."

Profesa alicheka mpaka akashika goti. Mimi sikucheka, lakini kitu fulani kifuani, kama breki iliyokuwa imeganda kwenye gurudumu miaka mingi, kiliachia. Ndivyo lifti inavyofanya ukiifungua breki vizuri: haipigi kelele, inapumua tu. Niliokota lile chungwa.

"Tuna abiria," nikasema. "Saa nane."

Tukapanda chumba cha mashine. Akalifungua kufuli lake kwa mkono wake mwenyewe. "Nafungua," akasema. "Unafungua," nikajibu. Nikainua swichi, taa zikawaka. Sheria ni kwamba kamba mpya hazipakii mtu mpaka lifti ijaribiwe safari moja nzima, na mmoja wetu awe juu ya kibanda anatazama. Akavaa ovaroli juu ya gauni lake, akaingia shimoni. Mimi nikabaki na vitufe. Sauti yake ilinifikia kupitia matundu ya kamba sakafuni, kama kawaida, kavu na ya kazi.

"Niko tayari, fundi."

"Uko tayari."

Nikangoja aseme shusha. Hakusema. Kamba mpya zilikuwa zinang'aa, na nilisikia msimamizi chini kabisa akipiga mluzi.

"Baba," akaita.

Miaka mitatu hakuwahi kuniita hivyo shimoni. Nilimkataza mwenyewe.

"Naondoka kesho asubuhi."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikukiona vizuri. Alikuwa ameweza kwenda bila mimi kumrudia neno. Basi lilikuwa limeshambeba saa tatu nzima bila hili. Sasa alikuwa amesimama gizani juu ya kibanda cha chuma, anangoja, na hangeongeza neno mpaka anisikie.

"Unaondoka kesho asubuhi," nikasema.

"Mwezi wa kumi na mbili nina likizo. Narudi."

"Mwezi wa kumi na mbili unarudi."

"Kufuli naondoka nalo."

"Kufuli unaondoka nalo. Hata kule wafunge kila mtu la kwake. Wasipofunga, usipande."

"Wasipofunga, sipandi," akarudia, na nikasikia anatabasamu, sijui mtu anasikiaje tabasamu, lakini nikasikia. "Haya. Shusha."

"Nashusha."

Nikabonyeza. Breki ikaachia, gurudumu kubwa likaanza kuzunguka, kamba zikapita bila mtikisiko hata mmoja. Kutoka mlango wa ghorofa ya tisa Profesa alipiga kelele kwamba kama tunaongea tuongee, na kama tunafanya kazi tufanye, yeye macho yake yanamsubiri.